Spika Kwanza: Hotuba Kuhusu Kuchagua Amplifaya ya Valvu yenye Wati Chache

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wasikilizaji wa muziki wa nyumbani. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyooneshwa ukutani imeachwa.

Mwenyekiti, wazee wetu, mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenzi wa muziki,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua amplifaya ndogo ya valvu, yaani kikuza sauti kinachotumia mirija ya kioo badala ya transista, itakayoendana na spika za nyumbani. Naomba ruhusa yenu niigeuze mada hiyo kichwa chini, kwa sababu nina hakika kwamba wanunuzi wengi hupotea kwa kuanzia kwenye amplifaya. Amplifaya yenye wati chache hainunuliwi kwanza, kisha ikatafutiwa spika za kuivumilia. Spika ndizo zinazochaguliwa kwanza, zikapimwa, zikaeleweka tabia zake, na hapo tu ndipo swali la amplifaya linapoweza kujibiwa. Spika kwanza. Nitalirudia neno hili mara kadhaa, nanyi mnivumilie.

Ninaposema wati chache nina maana ya wati 2 hadi 15 hivi kwa kila spika. Valvu ya 2A3, iliyotolewa na kampuni ya RCA mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikifanya kazi peke yake hutoa kama wati 3.5. Valvu ya 300B, iliyotolewa na Western Electric mwaka 1938, hutoa kama wati 8. EL84, ile nyembamba iliyoenea katika redio na gramafoni za Ulaya katika miaka ya 1950, hutoa wati 5 hivi ikiwa peke yake, na wati 10 hadi 17 valvu mbili zikifanya kazi kwa pamoja, moja ikisukuma wakati nyingine inavuta. Madukani kuna vifaa vinavyotangazwa kwa wati 100. Je, mtu anayetafuta wati 8 anatafuta nini?

Jibu la kwanza limo katika historia. Mwaka 1936 Western Electric ilitengeneza amplifaya iliyoitwa 91-A kwa ajili ya kumbi za sinema. Valvu yake ya mwisho, ile inayoisukuma spika, ilikuwa moja tu, aina ya 300A, na nguvu yake ilikuwa wati 8 hivi. Wati 8 kwa ukumbi wa sinema! Watu walikaa safu kwa safu, wakasikia maneno ya waigizaji, wakasikia okestra, wakarudi nyumbani wameridhika. Iliwezekanaje? Iliwezekana kwa sababu nyuma ya pazia kulikuwa na honi kubwa. Spika ya kawaida yenye koni huifanya sauti sehemu ndogo sana ya umeme inaoupokea, mara nyingi chini ya asilimia 1, na umeme uliobaki huishia kuwa joto katika koili yake. Honi hukiunganisha kiwambo kidogo cha spika na hewa ya ukumbi pole pole, mdomo ukipanuka hatua kwa hatua, na umeme mwingi zaidi hugeuka kuwa sauti. Kwa hiyo mafundi wale hawakuwa na miujiza ndani ya valvu. Walikuwa na spika zilizohitaji kidogo.

Hapo ndipo tunapolipata neno la kwanza la kushika: usikivu wa spika. Usikivu ni kiwango cha sauti, kwa desibeli, ambacho spika hutoa ikipewa wati 1 na kusikilizwa umbali wa mita 1. Tarakimu hiyo huandikwa katika karatasi ya maelezo ya spika, na wengi huipita bila kuitazama kwa sababu inaonekana kama jambo la mafundi. Naomba msiipite. Spika moja ina desibeli 86, nyingine ina desibeli 96. Tofauti ni 10 tu, tena juu ya karatasi inaonekana ndogo. Lakini desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Amplifaya ya wati 8 kwenye spika ya desibeli 96 itafika mahali ambapo spika ya desibeli 86 itafika kwa wati 80. Wati 80! Basi mtu anayeuliza kama wati 8 zinatosha bila kutaja spika zake, ameuliza nini?

Tuifanye hesabu hii pamoja. Kila nguvu inapozidishwa mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3. Wati 1 kwenda 2 ni desibeli 3, kwenda 4 ni 6, kwenda 8 ni 9. Kwa hiyo spika ya desibeli 86 yenye wati 8 itafika desibeli 95, mita 1 mbele yake. Ya pili ikilia pamoja nayo, ongezeni 3, zimekuwa 98. Sasa rudini nyuma hadi kwenye kiti chenu, tuseme mita 3. Mahali pa wazi sauti ingeshuka desibeli 9 na nusu. Ndani ya chumba kuta hurudisha sehemu ya sauti, kwa hiyo tuseme inashuka 6 hivi. Mnabaki na desibeli 92. Je, hizo ni nyingi au ni chache? Msikilizaji wa kawaida husikiliza kwa wastani wa desibeli 75 hivi, na muziki wa okestra au piano iliyorekodiwa vizuri huruka desibeli 15 hadi 20 juu ya wastani wake katika nyakati za kishindo. Kwa hiyo vilele vinahitaji desibeli 90 hadi 95. Mtaona kwamba mko ukingoni kabisa: muziki wa sauti moja na gitaa utapita salama, na okestra nzima itaigonga dari. Badilisheni spika tu, mweke ya desibeli 96, na dari imepanda hadi 102. Amplifaya ni ileile, valvu ni zilezile.

Ipo tahadhari moja kuhusu tarakimu hii. Watengenezaji wengi hawapimi kwa wati 1 bali kwa volti 2.83. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme kupita. Kwenye spika ya omu 8, volti 2.83 ni wati 1 kamili. Kwenye spika ya omu 4, volti hizohizo ni wati 2. Kwa hiyo spika ya omu 4 inayotangazwa kuwa na desibeli 90 kwa volti 2.83 ni spika ya desibeli 87 kwa wati 1, na mwenye amplifaya ya valvu anapaswa kuzipunguza hizo 3 yeye mwenyewe kabla ya kutoa fedha yake.

Mtauliza: kama usikivu ni mzuri kiasi hicho, kwa nini spika zote zisiwe nyepesi kusukumwa, yaani zenye usikivu mkubwa? Ndugu zangu, hapa kuna kisa cha watu wawili wa Marekani. Mwaka 1946 Paul Klipsch aliipeleka sokoni honi yake ya kukaa pembeni mwa chumba, ambayo kuta mbili za nyumba huwa sehemu ya honi yenyewe. Spika hiyo hutajwa kuwa na usikivu wa desibeli 105 hivi, nayo ni kubwa kama kabati la nguo. Miaka minane baadaye, 1954, Edgar Villchur, pamoja na Henry Kloss, walianzisha Acoustic Research huko Cambridge, Massachusetts, wakatoa spika yenye sanduku dogo lililozibwa, ambamo hewa iliyofungiwa ndiyo inayoirudisha koni mahali pake. Besi yake iliwashangaza watu, na sanduku liliweza kukaa kwenye rafu ya vitabu. Lakini spika ile ilihitaji nguvu nyingi kuliko zilizoitangulia. Josef Anton Hofmann, ambaye baadaye aliungana na Kloss katika kampuni ya KLH, aliliweka jambo hili wazi katika kile ambacho mafundi hukiita kanuni ya chuma: sanduku dogo, besi ya kina, usikivu mkubwa, chagua viwili, cha tatu utakikosa. Sebule nyingi zilichagua sanduku dogo na besi, na watengenezaji wa amplifaya wakalazimika kuongeza wati mwaka hadi mwaka.

Mtu anayetaka wati chache anarudi nyuma na kuchagua upya katika viwili vile. Ama akubali sanduku kubwa, ama akubali besi inayoishia juu kidogo, kwenye hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, badala ya 30. Hakuna mlango wa tatu, na muuzaji anayeahidi mlango wa tatu anauza maneno. Kwa maoni yangu, aliye na chumba kidogo na asiyetaka samani kubwa ni afadhali aachane na wati 3 mapema, akatafute amplifaya ya valvu ya wati 30 au 40 na spika anazozipenda. Hilo nalo ni chaguo la heshima.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo naliona ndilo zito kuliko yote, nalo halimo katika matangazo. Ni ukinzani wa spika.

Kijana mmoja ninayemfahamu alinunua amplifaya ya 300B iliyotengenezwa vizuri sana, transfoma zake nzito, waya zake zimepangwa kwa mkono. Spika zake zilikuwa na usikivu wa desibeli 92, na kwenye karatasi zimeandikwa omu 8. Kwa hesabu tuliyoifanya sasa hivi, kila kitu kilikuwa sawa. Alipowasha, sauti ilitosha, lakini haikuwa sauti aliyoitarajia. Besi ya juu ilivimba, gitaa la besi likawa linaburuta nyuma ya ngoma, na sauti za waimbaji wanawake zilikaa mbali kana kwamba wamesogezwa nyuma ya jukwaa. Alibadilisha valvu. Alibadilisha waya. Hakuna kilichobadilika. Tatizo lilikuwa nini?

Tatizo lilikuwa kwamba omu 8 ile ilikuwa jina tu. Ukinzani wa spika hubadilika kwa kila sauti, na spika zake zilipanda hadi omu 30 karibu na hezi 70 na kushuka hadi omu 4 katikati ya sauti za waimbaji. Amplifaya ya transista ina ukinzani wa ndani mdogo mno, sehemu ndogo ya omu 1, kwa hiyo mabadiliko hayo haiyahisi. Amplifaya ya triodi moja, aina ya valvu kama 300B au 2A3, isiyo na mrejesho hasi, yaani sehemu ya sauti inayotoka kurudishwa mwanzo ili kusahihisha makosa na kupunguza ukinzani wa ndani, ina ukinzani huo wa omu 2 hadi 3. Chukueni 3. Pale spika inapokuwa omu 30, karibu volteji yote inaifikia spika, ni chini ya desibeli 1 tu inayopotea. Pale spika inapokuwa omu 4, takriban desibeli 5 zinapotea ndani ya amplifaya. Tofauti ni desibeli 4, na desibeli 4 kila sikio linazisikia. Amplifaya ilikuwa imeichora upya sauti ya spika kwa kufuata mstari wa ukinzani wake. Tena, mkono wa amplifaya kama hiyo ni mlegevu: bembea iliyosukumwa huendelea kuyumba mpaka mtu aishike kwa nguvu, na koni ya besi nayo huendelea kutikisika kidogo baada ya noti kwisha ikiwa amplifaya haiwezi kuishika.

Kijana yule aliazima spika za mwenzake, zenye koni moja pana isiyo na krosova, ile saketi inayogawa besi na sauti za juu, za desibeli 94, ambazo ukinzani wake katika eneo la waimbaji ulikaa karibu mstari ulionyooka. Waimbaji walirudi mbele. Mafundi waliokuwa wakimwambia abadilishe valvu walikuwa wanatafuta ugonjwa upande usio wake. Spika kwanza.

Kwa hiyo, mnaponunua, msiulize ukinzani wa jina. Ulizeni mchoro wa ukinzani. Ulizeni unashuka hadi wapi na kwenye hezi ngapi. Spika isiyoshuka chini ya omu 6 popote ni rafiki wa amplifaya ndogo, na inayoteremka hadi 3 katika besi, ambako muziki una nguvu nyingi, si rafiki hata ikiwa na usikivu wa kupendeza. Ipo mifano inayokwenda kinyume na mazoea, nayo inafundisha. BBC, shirika la utangazaji la Uingereza, katika miaka ya 1970 ilibuni spika ndogo ya LS3/5A kwa ajili ya watangazaji waliofanya kazi ndani ya magari ya matangazo. Usikivu wake ni desibeli 82 hadi 83 tu, na kwa hesabu ya peke yake ungeikataa. Lakini zile za mwanzo zilikuwa na ukinzani wa omu 15, na wako wasikilizaji wengi wanaokaa karibu nayo, katika chumba kidogo, na kuisukuma kwa valvu za wati 10 au 15 kwa furaha. Hawatapata kishindo cha okestra. Wanapata sauti ya binadamu, na kwao inatosha.

Nyuma ya amplifaya nyingi za valvu mtakuta matundu yaliyoandikwa 4, 8 na 16. Hayo ni matawi ya transfoma ya mwisho. Wengi huchomeka kwa kufuata jina la spika na hawagusi tena. Mimi nawashauri mjaribu. Spika ya omu 8 ikichomekwa kwenye tundu la 4, valvu hupata mzigo mwepesi zaidi: nguvu ya juu hupungua kidogo, lakini upotovu wa sauti hupungua na ukinzani wa ndani nao hushuka, hivyo besi hukazika. Kwa spika nyepesi, biashara hiyo mara nyingi ina faida. Zimeni amplifaya kabla ya kubadilisha, na kamwe msicheze muziki bila spika kuunganishwa, kwa maana transfoma isiyo na mzigo huweza kupandisha volteji mpaka ikajiunguza.

Je, mtu atajuaje anahitaji wati ngapi yeye mwenyewe, chumbani mwake, kwa muziki wake? Kubahatisha hakuna haja. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alinionesha njia aliyoitumia, nami naisimulia kwa sababu inahitaji mita ya kawaida ya umeme tu. Alikuwa na amplifaya ya transista aliyotaka kuiacha. Aliweka rekodi yake yenye kishindo kikubwa kuliko zote, akapandisha sauti hadi pale ambapo yeye, kwa masikio yake, asingependa ipande zaidi, kisha akakiacha kidhibiti cha sauti bila kukigusa. Akaondoa muziki, akaweka mlio mmoja wa hezi 100 uliorekodiwa desibeli 12 chini ya kilele cha juu kabisa cha rekodi, na akapima volteji kwenye miguu ya spika. Mita ilisoma volti 1.4. Desibeli 12 ni volteji mara nne, kwa hiyo kilele cha rekodi yoyote, sauti ikiwa pale alipoiacha, kingekuwa volti 5.6. Volti 5.6 zikizidishwa kwa zenyewe, zikagawanywa kwa omu 8 za spika zake, ni kama wati 4. Wati 4, na amplifaya aliyokuwa akiiacha ilikuwa ya 60! Wastani wa muziki wake, basi, ulikuwa unapita ndani ya sehemu ndogo ya wati 1, jioni baada ya jioni. Alinunua amplifaya yenye EL84 mbili kwa kila upande, ya wati 10, akabakiwa na akiba ya desibeli 4 juu ya kilele chake. Angeweza kuchukua 300B, na nilimwambia hivyo, lakini ukinzani wa spika zake ulipanda na kushuka kama mawimbi, naye akachagua kwa busara kifaa chenye kiasi fulani cha mrejesho hasi.

Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba wati za valvu zina nguvu kuliko wati za transista. Wati ni wati. Tofauti iko mahali pengine: amplifaya ya transista ikifika mwisho wa uwezo wake huikata sauti ghafla, na sikio hukasirika mara moja, ya triodi huikunja pole pole, na upotovu wake mwingi ni ule wa oktava moja juu ya noti yenyewe, ambao sikio huusamehe. Kwa hiyo inaweza kupita mwisho wake kwa muda mfupi bila msikilizaji kushtuka. Huo ni msamaha tu, na nguvu haikuongezeka. Kwa sababu hiyohiyo, wati zinazotangazwa zisomwe pamoja na upotovu wake: 8 kwa asilimia 1 si sawa na 8 kwa asilimia 10. Ulizeni pia zinapatikana kwenye hezi ngapi. Transfoma nyepesi huweza kutoa wati 8 kwenye hezi 1,000 na kushindwa kabla ya kufika hezi 40, kwa kuwa besi inahitaji chuma kingi. Kifaa kikiwa chepesi mkononi, shukuni.

Wale mliovutwa na honi za desibeli 104, nina neno moja kwenu. Spika nyepesi husikiliza kila kitu, pamoja na kasoro. Mvumo wa milivolti 2 kwenye spika ya desibeli 86 unazama katika utulivu wa chumba. Kwenye honi ya desibeli 104 unafika kama desibeli 41 kwa mita 1, nao utausikia kati ya nyimbo zote. Kwa honi, tafuteni amplifaya yenye mvumo chini ya milivolti 1, na mwende mkaiwashe bila muziki, sikio likiwa mdomoni mwa honi, kabla ya kuikubali.

Na kwa usalama: ndani ya vifaa hivi mna volti 300 hadi 450, na kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Asiye fundi asifungue. Wenye watoto wadogo nyumbani wanunue yenye kizimba juu ya valvu, kwa kuwa kioo cha valvu huunguza.

Mezani kuna amplifaya mbili, ya 2A3 na ya EL84, na jozi tatu za spika ambazo michoro ya ukinzani wake imebandikwa ubavuni. Nawaomba mje na rekodi mnazozijua vizuri. Tutaanza na 2A3 kwenye spika ya desibeli 87, ili msikie inavyoshindwa, kisha tutaihamishia kwenye ile ya 97 bila kugusa kidhibiti cha sauti. Mita iko tayari, na atakayependa kupima mwenyewe apite mbele.